Pumzi ya Melchior Cirimwami, Fundi wa Rangi (1981–2025)

Katika nyumba ya Kanyosha kulikuwa na neno moja lililotangulia salamu kila asubuhi. Melchior aliketi ukingoni mwa kitanda, akamgeukia mkewe Irène, akafungua mdomo na kusema, "Nusa." Irène alinusa, kisha akajibu, "Leo ni wewe mwenyewe," na siku ikaanza. Tangu Jumanne neno hilo halijasemwa. Waliolala katika nyumba ile wiki hii wanasema asubuhi inafika na kusimama mlangoni kama mgeni asiye na wa kumkaribisha.

Familia imeamua wasifu huu ueleze neno hilo lilitoka wapi. Juzi, kwenye kilio, yalisikika tena maneno yaliyomfuata marehemu kwa miaka mingi, kwamba pombe ndiyo iliyommaliza. Binti yake Orlane aliyasikia akiwa amebeba sinia la vikombe. Hakudondosha hata kimoja. Aliviweka mezani, akaingia ndani, akamwambia mama yake kwamba baba hatazikwa na uongo. Kwa hiyo Irène ameomba mambo yasomwe yalivyokuwa, pamoja na yale yanayomhusu yeye. Tutayasoma hivyo.

Melchior alizaliwa tarehe 3 Machi 1981 huko Bwiza, hapa Bujumbura, mtoto wa tatu wa Mzee Cirimwami, fundi cherehani aliyetoka Kabare karibu na Bukavu, na Mama Consolate, aliyeuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni. Alikulia chini ya meza ya cherehani. Huko aliokota mabaki ya vitambaa na kuyapanga sakafuni, kuanzia chekundu kilichokolea mpaka kile kilichopauka kikawa kama ngozi ya mkono. Mtu akipita na kuyavuruga, alilia. Mama yake alisema mtoto huyu hakulilia chakula wala kupigwa. Alilia pale tu kitu kilipotolewa mahali pake.

Alianza shule ya msingi Bwiza mwaka 1988. Machi 1995, mtaa ulipowaka, familia ilivuka mpaka ikakimbilia Uvira, na kwa muda mrefu masomo yake yalikuwa vipande, kama vile vitambaa. Waliporudi aliingia sekondari, akafika mwaka wa pili. Baba yake alifariki mwaka 1998 na Melchior hakurejea darasani. Hakupenda kuulizwa juu ya hilo.

Mwaka 1999 alipokelewa Buyenzi, katika karakana ya Mzee Mohamadi, fundi wa mabodi na rangi za magari. Alianza na msasa, akikwangua kutu mpaka vidole vikapoteza alama. Kisha akashika rangi, na hapo ndipo alipojulikana. Siku moja mteja wa Kiriri alileta gari lililokwanguka mlango, la rangi isiyopatikana kwenye kadi yoyote. Melchior alichanganya kutwa nzima, kila mara akipaka tone kwenye ukucha wa dole gumba na kuuinua juani. Mteja aliporudi alilizunguka gari, akauliza ni mlango upi uliotengenezwa. Mzee Mohamadi akamjibu, "Na mi nimesahau."

Kazi hiyo ina harufu zake. Kuna tina ya kuzimulia rangi, na kuna asetoni ya kuoshea bomba la kupulizia. Zilikaa katika shati lake, katika nywele na kwenye mto wa kitanda. Tunaomba hili likumbukwe, kwa sababu lilificha mengi.

Tarehe 20 Desemba 2008 alifunga ndoa na Irène, ambaye wengi hapa wanamfahamu kwa nyanya na lengalenga, yaani mchicha, anazouza soko la Kanyosha. Orlane alizaliwa mwaka uliofuata. Na lazima hili nalo lisemwe: katika miaka ile Melchior alikunywa. Alikunywa bia akiwa na kitu mfukoni, na urwarwa, pombe ya ndizi, akiwa hana. Usiku mwingi Irène alimfungia mlango kwa nje ili asitoke kujiaibisha. Alilala, akaamka, akaomba msamaha. Pasaka ya mwaka 2011 alisimama kanisani mbele ya watu wote, akaahidi kwamba amemaliza. Na alikuwa amemaliza kweli. Irène alimwamini, lakini kama mtu aliyewahi kuangukiwa na ukuta: aliamini huku akiangalia juu.

Ugonjwa uliingia kiangazi cha mwaka 2012, akiwa na umri wa miaka thelathini na mmoja. Alianza kunywa maji kwa jagi, akasahau gilasi. Alitoka nje kukojoa mara kwa mara. Mkanda ulirudi nyuma tundu baada ya tundu. Na pumzi yake ikapata utamu wa ajabu, kama ndizi zilizoiva na kuzidi kwenye shimo la kuvundikia. Katika mji huu kila mtu anajua harufu ile ni ya nini. Jumapili moja kiongozi wa kwaya ya kanisa, ambamo Melchior aliimba, alimngoja mlangoni.

"Ndugu Melchior, hii harufu ni ya nini?"

"Ya kazi."

"Leo ni siku ya Mungu. Kazi gani?"

Alihamishiwa benchi la nyuma mpaka atakapotubu. Sauti yake ya besi ikaondoka kwenye kwaya, na nyimbo zikasikika kama nyumba isiyo na sakafu. Lakini angetubu nini? Kosa ambalo hukulifanya halina pa kuanzia.

Jumamosi, tarehe 14 Julai 2012, aliamka akitapika. Miguu haikumsikia. Ulimi ulikuwa mzito.

"Baba Orlane, umekunywa," Irène alimwambia.

"Apana. Mi sijakunywa kitu. Maji tu."

"Maji gani inanuka ndizi ya kuiva?"

"Irène, niangalie."

"Nimekuangalia sana. Macho imechoka."

Kesho yake wazee wa kanisa walikuwa wamalize shauri lake. Irène hakutaka mtu yeyote amwone katika hali ile. Alifunga mlango kwa nje, akafunga ufunguo kwenye pindo la kitenge, akaenda sokoni. Alifanya kile alichokifanya mara nyingi zamani, na kila mara kilikuwa kimefaa, kwa sababu kila mara ilikuwa pombe.

Ndani ya chumba kile Melchior alilala chali akihema. Haikuwa kuhema kwa homa. Zilikuwa pumzi ndefu, za ndani, za haraka, kama mtu aliyepanda kilima cha Kiriri mbio, wakati hakuwa ameinua hata mguu. Jirani alizisikia kupitia ukuta, akadhani anapiga pampu ya baiskeli.

Adhuhuri Mzee Mohamadi alifika kumtafuta, maana gari la mteja lilikuwa likingoja mkono wa pili wa rangi. Alikuta kufuli. Aliweka sikio dirishani, kisha akamtuma jirani amkimbilie Irène sokoni. Irène alikuja, ufunguo ungali kwenye pindo.

"Mama Orlane, fungua."

"Amelewa, Mzee. Muache alale."

"Mutu mwenye amelewa anakoroma. Huyu anahema. Fungua, ama mi navunja huu mlango na we unaangalia."

Irène alifungua. Mzee Mohamadi aliinama juu ya mdomo wa Melchior, akaruka nyuma kama aliyeungua.

"Allah! Mi pombe sijaionja toka nizaliwe, siwezi kukuambia inanuka namna gani. Lakini hii naijua. Hii ni asetoni. We Melchior! Umekunywa asetoni yangu?"

Melchior aliinua kidole kumwelekea bosi wake. "Patroni... mi sijakunywa... asetoni yako."

"Basi ya nani?"

Walisimama juu yake watu wawili waliompenda. Mmoja alisema ni pombe, mwingine alisema ni sumu. Yeye alikuwa akifa huku akisema kweli, na hakuna aliyekuwa na mahali pa kuiweka kweli hiyo.

Hata hivyo kosa la Mzee Mohamadi ndilo lililomwokoa. Mlevi huachwa alale. Aliyemeza sumu hubebwa. Walimbeba mikononi mpaka kwenye gari alilokuja nalo mzee, lililokuwa bado na rangi ya chini tu, la kijivu, bila taa za mbele, na Mzee Mohamadi akaendesha huku mkono wake haubanduki kwenye honi.

Hospitalini walipokelewa na daktari Hayat, wakati huo bado kijana, ambaye yuko nasi hapa leo. Mzee Mohamadi aliingia akipiga kelele kwamba fundi wake amemeza asetoni. Daktari alinusa. Alimtoboa kidole kupima sukari, akachovya kijikaratasi kwenye mkojo. Kijikaratasi kiliingia kikiwa na rangi ya maziwa yaliyochacha, kikatoka kikiwa zambarau.

"Mzee, umenusa vizuri," alisema. "Ni asetoni kweli. Lakini hakuimeza. Ameitengeneza yeye mwenyewe."

"Ndani ya mwili? Bila kiwanda?"

"Ini ndilo kiwanda."

Baadaye, dripu zilipokuwa zikiendelea, aliwaeleza. Mwili hupenda sukari, lakini sukari haiingii misulini bila insulini kuifungulia. Chakula kikikosekana, mwili hugeukia mafuta uliyoyaweka akiba. Ini huyachukua na kuyageuza kuwa kitu kidogo chepesi kiitwacho ketoni, na ketoni hulisha moyo na ubongo mpaka chakula kirudi. Hiyo ni rehema. Ndiyo inayomvusha mtoto mchanga katika siku zake za mwanzo, ndiyo inayomfikisha mgonjwa asiyekula. Asetoni ni mojawapo ya ketoni hizo, ile inayopanda na kutokea mdomoni.

"Wiki ijayo Ramadhani inaanza," daktari alimwambia Mzee Mohamadi. "Ukifunga, ikifika alasiri na wewe utakuwa nazo kidogo."

"Kumbe mi nabeba asetoni mwilini, na bado nainunua dukani?"

Irène alisema hicho ndicho kitu pekee kilichochekesha siku ile, na hakuna aliyecheka. Maana daktari aliendelea. Mtu mwenye afya anayefunga, insulini yake kidogo huzuia ketoni zisizidi. Melchior hakuwa na insulini. Kongosho lake lilikuwa limeacha kuitoa. Damu yake ilijaa sukari isiyoweza kutumika, mwili ukajiona una njaa katikati ya shibe, ini likatengeneza ketoni bila kipimo, na ketoni zikizidi hugeuza damu kuwa kali kama siki. Kuhema kule kulikuwa mwili ukijaribu kuutoa ukali huo kwa njia ya hewa. Kulewa kule kulikuwa ubongo ukizama.

"Na mi nilimfungia," Irène alisema.

Daktari aligeukia kitanda. Alirekebisha dripu.

Melchior aliporudi katika akili zake aliomba aonyeshwe kijikaratasi kilichomtetea. Alikiinua dirishani kama alivyozoea kuinua ukucha wake. "Hii si zambarau," alimwambia daktari. "Hii ni bordo, nyekundu ya kukolea. Kuna Toyota moja nilipaka hivi." Tangu siku hiyo daktari Hayat anasema hakuwahi kupata mgonjwa aliyesoma vijikaratasi vile kama yeye. Alitofautisha rangi ambazo hata kadi yao haikuzitaja, na akija kliniki wagonjwa wengine walimpa vyao awasomee. Aliwaeleza kwa lugha ya karakana: "Ketoni ni ralenti ya mwili. Gari imesimama, injini isizimike. Hiyo ni nzuri. Sasa fikiria pedali ya mafuta inanasa chini, na breki hakuna. Insulini ndiyo breki."

Jumapili aliporudi kanisani, kiongozi wa kwaya alisimama mwenyewe, akasema kanisa lilimhukumu mgonjwa. Melchior aliinuka. Alitoka benchi la nyuma, akaenda kusimama mahali pake kati ya besi.

Nyumbani hakukuwa na hotuba. Asubuhi ya kwanza alimgeukia mkewe, ambaye tangu hospitali alikuwa hawezi kumtazama usoni, akasema, "Nusa." Irène alikataa. Akasema tena, "Nusa, Mama Orlane. We ndiye unajua." Alitaka pua ile iliyomhukumu ndiyo imlinde. Ilimlinda miaka kumi na mitatu. Mara mbili ilimwamsha na kumpeleka hospitali kabla yeye mwenyewe hajahisi chochote. Pembeni mwa dirisha Irène aliweka chungu cha udongo ndani ya chungu kikubwa, mchanga katikati, na kila siku aliumwagilia maji, kwa maana umeme wa Kanyosha mnaujua, na insulini haipendi joto. Katika miaka hiyo alizaliwa Arnaud, mwaka 2014, na Melchior akafundisha vijana wa Buyenzi kuchanganya rangi kwa jicho.

Mwanzoni mwa mwezi huu nyumba nzima ilishikwa na mafua. Jumamosi Melchior akapata homa, na kipimo cha zahanati kikaonyesha malaria. Alimeza dawa, na insulini hakuiacha, kwa sababu alijua kwamba mgonjwa asiyekula bado anaihitaji. Vijikaratasi vya kupimia vilikuwa vimekosekana madukani kwa muda. Jumatatu, tarehe 10 Novemba, alitapika tangu alfajiri. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akashikilia ubao.

"Nusa."

"Sisikii kitu, Baba Orlane. Pua imeziba."

"Hata kidogo?"

"Hata kitunguu sisikii."

Malaria hutapisha. Malaria huchosha, hata huhemesha. Yeyote angesema ni malaria, na jirani aliyeingia kumwona akiyumba njiani kuelekea chooni alisema jambo jingine, lile la zamani, kwa sauti ya kusikika. Melchior alimtazama mkewe.

"Mi naona si malaria peke yake," alisema.

Hapo, ndugu zetu, ndipo Irène alipokuwa amengoja kufika kwa miaka kumi na mitatu. Hakuwa na pua. Hakuwa na kijikaratasi. Alikuwa na neno la mumewe tu.

"Nakuamini," alisema, akachukua simu.

Hakukuwa na teksi. Hali ya petroli katika mji huu hatuna haja ya kuieleza kwa watu mliokuja hapa wengine kwa miguu. Irène alimpigia Mzee Mohamadi, ambaye gari lake lilikuwa kavu kama mengine. Aliingiza mpira katika matangi ya magari matatu ya wateja yaliyokuwa yakingoja rangi, akafyonza kwa mdomo wake, yeye mzee wa zaidi ya miaka sabini, akatapika kidogo, akaendelea. Anawaomba radhi wenye magari hapa, na wawili kati yao wamekwisha kumwambia asirudie kuomba.

Alifika Kanyosha. Alisimama mlangoni, mdomo wake ukiwa bado unanuka petroli, akavuta hewa ya chumba. "Ni yenyewe," alisema. "Mushikeni miguu."

Ndani ya gari Melchior alilaza kichwa mapajani mwa Irène. Pumzi zilikuwa zile ndefu za mwaka ule. Walipofika kwenye msururu wa magari ya kituo cha petroli, Mzee Mohamadi akipita pembeni mwa barabara huku akitukanwa, Melchior alifungua macho.

"Patroni."

"Sema, mwanangu."

"Sijakunywa asetoni yako."

"Najua. Nyamaza, weka pumzi."

"Irène?"

"Nakuamini. Nimekuambia nakuamini."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoyasikia akiwa na fahamu. Daktari Hayat na wenzake walimpigania mpaka kesho yake. Malaria ilikuwa imekwisha kuingia kwenye figo, na ule ukali wa damu ulirudi kila ulipoondolewa. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, saa nane mchana, akiwa na umri wa miaka arobaini na minne. Irène aliuliza kama pua yake ingekuwa nzima, mume wake angekuwa hai. Daktari alijibu kwamba hajui. Familia inaliheshimu jibu hilo kuliko faraja nyingi tulizoletewa.

Marehemu hakuacha wosia, lakini kuna jambo alilolirudia kila alipopata masikio, na leo anayo mengi. Mkimwona mtu amekonda, ana kiu isiyokatika, anahema bila kukimbia, na mdomo wake unanuka ndizi, msimngoje atubu. Msimfungie mlango. Mbebeni.

Ameacha mjane, Irène; watoto wawili, Orlane na Arnaud; dada zake wawili wa Bwiza; na wajomba na binamu wa Kabare ambao barabara haikuwaruhusu kufika. Ameacha pia Mzee Mohamadi, ambaye hayumo katika ukoo wetu na ambaye jana alilipaka jeneza hili rangi kwa mkono wake, bordo, akirudia mara ya pili kwa sababu ya kwanza hakuiona kuwa sawa. Na apumue sasa kwa utulivu, bila mtu wa kumnusa.

Melchior Cirimwami atalazwa leo katika makaburi ya Mpanda, kando ya mama yake, Consolate, aliyemtangulia.